Mambo Kumi ya Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa mtu wa kuandika. Kwenye karakana ya sare za shule alikofanya kazi, yeye ndiye aliyeshika daftari la kukata: sketi ngapi, kaptula ngapi, kola za saizi gani, kitambaa cha bluu kimebaki mita ngapi. Mshonaji aliyepotewa na kazi yake hakwenda kwa msimamizi, alikwenda kwa Mama Pacha, naye alilamba kidole, akafunua kurasa mbili, akasema, "Wewe umepungukiwa mikono minane ya kushoto. Kaitafute chini ya meza." Na kweli ilikuwa chini ya meza.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Kwenye mlango wa kabati la vyombo hakukukosekana karatasi, imebandikwa kwa utepe mweupe wa kuzungushia mabomba, kwa kuwa mumewe alikuwa fundi bomba na utepe ule ulikuwa mwingi kuliko chumvi. Sabuni. Viberiti. Daktari wa meno. Viatu vya huyu, begi la yule. Huyu na yule walikuwa pacha wao, kijana na binti, ambao mwaka huo walitimiza miaka kumi na tisa na kupata nafasi ya chuo, kila mmoja mji wake.

Siku chache kabla ya kuondoka, binti alikuwa mezani anajaza fomu.

"Mama, hapa wanauliza malengo yangu ya miaka mitano. Niandike nini?"

"Andika unataka kusoma, upate kazi, usitusahau."

Binti akacheka, akaandika kidogo, akauma kalamu, akainua kichwa. "Na wewe je, mama? Malengo yako ni yapi?"

"Malengo yangu ni nyinyi."

"Lakini sisi tunaondoka Jumatatu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba duka hufungwa saa kumi. Mama Pacha aliendelea kukunja nguo za safari, na baada ya muda akagundua kuwa shati lile lile amelikunja mara tatu.

Jumatatu waliondoka. Jumamosi yake, Mama Pacha akakaa kuandika mahitaji ya wiki kama kawaida. Sukari: nusu ya zamani. Mafuta: kopo dogo. Sabuni ya kufulia: mche mmoja. Akatafuta kingine, hakukiona. Karatasi ilikuwa tupu zaidi ya nusu. Akakaa na kalamu mkononi, nyumba kimya, friji peke yake ndiyo inayonguruma. Kisha, pale chini ya sabuni, akaandika "Mimi", akapiga mstari. Akalitazama neno lile kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

La kwanza lilimjia haraka: kupungua kilo kumi. Aliliandika kwa sababu wanawake wote wa karakana walilisema kila mwezi wa Januari. La pili, kununua miwani yangu mwenyewe, maana miaka miwili alikuwa anaazima ya jirani yake wa cherehani, mwanamke waliyemwita Redio kwa kuwa alianza kuongea akiingia mlangoni na kunyamaza akishatoka. Hapo akakwama. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa gauni.

La tatu lilimfuata kazini, Jumanne, akiwa ameinamia kitambaa cheupe, mkasi mkubwa mkononi, anakata kola. Halikubisha wala halikujitambulisha. Mkono wake ulisimama. Redio aliyekuwa katikati ya hadithi ya shemeji yake akanyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida, akauliza, "Umejikata?"

"Hapana. Nimekumbuka kitu."

Wakati wa mapumziko akaenda nyuma ya stoo, akaandika amesimama, karatasi ameiegemeza ukutani: Kumaliza shule niliyoiacha.

Alikuwa ameiacha miezi minne kabla ya mtihani wa mwisho wa sekondari. Alichelewa kuanza shule, kwa hiyo alikuwa msichana mkubwa wa miaka kumi na tisa, wa tatu darasani, na fundi mmoja kijana mwenye begi la spana na macho ya kucheka alikuwa amekuja kwao kumposa. Akaolewa. Mwaka uliofuata pacha wakaja, wawili kwa mpigo, na mambo ya vitabu yakazama chini ya nepi. Katika miaka ishirini hakuwahi kumwambia mtu kuwa bado anaikumbuka ile shule. Hata yeye mwenyewe hakuwahi kujiambia.

Mengine saba aliyamaliza kwa siku nne. Kufungua duka la vitambaa. Kupaka jiko rangi ya njano. Kumtembelea dada yangu bila ya kuwa na msiba. Kumwambia msimamizi kwamba ninalo jina. Na mengine ya namna hiyo, makubwa kwa madogo, yakichanganyika kama vifungo kwenye kopo. Yalipotimia kumi, alijisikia mwepesi hata akatamani mwingine naye auonje wepesi ule.

Jumapili mchana mvua ilinyesha. Mumewe, ambaye watu wa mtaani walimwita Fundi na mkewe alimwita Baba Pacha, alikuwa amekaa sebuleni anasubiri simu ya mtu aliyefurika jikoni, maana siku za mvua kuna mtu lazima afurike. Simu haikulia. Mama Pacha akamletea karatasi na kalamu.

"Andika mambo kumi unayoyataka maishani. Yako wewe, siyo ya watoto. Usinichungulie na mimi sikuchungulii. Kisha tubadilishane."

"Mimi nataka mfuniko mpya wa thamosi."

"Baba Pacha!"

"Haya, haya." Akavuta kiti. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa kama za kibao cha duka, akikuna sikio kwa kalamu. Mara moja alikata alichoandika, akakata tena juu yake mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Mwisho akaisukuma mezani. "Kumi sina. Nimepata matatu."

Mama Pacha akasoma kwa sauti. "'Moja. Kulala Jumapili mchana bila mtu kuniamsha kwa sababu ya bomba.' Hilo ni halali yako. 'Mbili. Kujua kuogelea.'" Akamwangalia. "Wewe hujui kuogelea? Maisha yako yote ni maji!"

"Maji yangu ni ya kwenye bomba. Hayajawahi kunifika kiunoni."

Wakacheka mpaka Mama Pacha akajifuta macho kwa upindo wa gauni. La tatu lilisema: Kufundisha vijana kazi yangu kabla magoti hayajaniacha. La nne ndilo lililokatwa. Wakati yeye anasoma, mumewe naye alikuwa ameshika orodha ya mkewe, bado anatabasamu, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Kidole kikafika namba tatu, kikasimama pale, macho peke yake yakaendelea mpaka chini. Tabasamu likabaki usoni kidogo kama taa iliyosahaulika kuzimwa, kisha likazimika.

Akaikunja karatasi kwa kufuata mikunjo yake ile ile. "Naona mvua imekatika," akasema. "Acha nikaliangalie bomba la jirani."

Mvua haikuwa imekatika.

Siku nne zikapita hivyo. Baba Pacha hakugomba wala hakununa. Alijibu alichoulizwa, alishukuru kwa chai, aliosha kikombe chake mwenyewe, alifunga mlango taratibu. Aliishi mle ndani kama mpangaji mwenye adabu, na Mama Pacha angependelea mara mia avunje sahani. Alhamisi, kazini, alishindwa kuvumilia akamweleza Redio, ingawa kumweleza Redio kulikuwa sawa na kupanda juu ya paa na kutangaza.

Redio alisimamisha cherehani. "Hebu subiri. Umempa mumeo karatasi inayosema alikuharibia maisha, halafu ulitaka acheke?"

"Sikuandika hivyo. Niliandika nataka kumaliza shule."

"Wewe uliandika hivyo. Yeye kasoma vile. Wewe si ndiye unayekata vitambaa? Upande wa nje na upande wa ndani ni kitambaa kimoja, lakini havifanani." Akakanyaga pedali, akaondoa mguu tena. "Nenda kazungumze naye. Na usimkalishe sebuleni, sebuleni wanaume wanaona wako mahakamani. Mkute akiwa na kitu mkononi."

Jioni ile, akifuta meza, Mama Pacha alikuta orodha ya mumewe chini ya kopo la chumvi, palepale ilipoachwa Jumapili. Aliisogeza dirishani, akaigeuza upande wa nyuma, ambako kalamu ya Baba Pacha iliyokandamizwa kwa nguvu ilikuwa imeacha matuta. Mistari ya kukatia ilikuwa mingi, lakini chini yake herufi zile za kibao cha duka zilisomeka. Kuacha ile nyumba.

Akadhani ni hii waliyomo, ameamua kuhama. Akakaa chini. Ilimchukua muda kuelewa kwamba hii mumewe aliiita "nyumbani" tu. "Ile nyumba" ilikuwa moja: ya kule kiwanjani, aliyoianza kuijenga na hajaimaliza.

Jumamosi asubuhi Baba Pacha alitoka na futikamba na ndoo, akasema anakwenda kiwanjani. Mama Pacha alimpa nusu saa, akamfuata kwa miguu.

Kiwanja kilikuwa mwisho wa mtaa mpya, ambako nguzo za umeme zilisimama bila nyaya na barabara ilikuwa bado vumbi. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha miaka mitatu nyuma, zikagoma kuendelea. Nondo zilizochomoza pembeni zilishika kutu. Kile ambacho kingekuwa chumba cha wageni kilikuwa kimeota majani ya kufika magotini. Vyumba sita. Baba Pacha alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, katikati ya chumba cha nne, futikamba ameishika mkononi na hapimi chochote.

"Umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Na jua hili."

"Na jua hili." Akakaa kwenye rundo la matofali, akavua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga. "Baba Pacha, namba nne ulikata nini?"

"Nilikosea kuandika."

"Hukukosea. Nimesoma kwa nyuma."

Baba Pacha akaivuta futikamba, akaiachia ikarudi kwa kishindo. Akarudia. Mara ya tatu akasema, "Siku niliyokuja kwenu kukuposa, baba yako alinichukua pembeni. Akaniambia, 'Binti huyu ni wa tatu darasani, kabakiza miezi minne. Unamtoa shule. Utampa nini cha kufidia?' Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na begi la spana. Nikamwambia nitamjengea nyumba ya vyumba sita. Sita ilitoka wapi mimi sijui. Ulimi ulinitangulia."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Nilijenga. Baba yako alifariki msingi bado haujakauka, nikasema haidhuru, binti yake yupo. Kila tofali nililopanga nilikuwa najiambia, hili ni la hesabu, hili la jiografia. Halafu Jumapili unanipa karatasi. Naisoma juu mpaka chini, nyumba haimo. Mambo kumi, mpaka rangi ya jikoni imo, nyumba haimo. Shule ipo." Akatazama pembeni. "Kumbe nimefidia kisichohitajika, na kilichohitajika sijakigusa. Mimi ndiye niliyekutoa shule, mama."

Mama Pacha alibaki ameshika kiatu. "Nani kakuambia ulinitoa? Mimi nilitoka kwa miguu yangu. Mwalimu mkuu alinisihi, mama alilia, nikasema naolewa. Nilikuwa nakutaka. Kama ni kosa, tulikosa wawili, na mimi ndiye niliyetangulia mlangoni."

"Basi unajuta."

"Sijuti. Ningejuta ningeandika 'kurudi nyuma'. Nimeandika 'kumaliza'. Mtu akirudi kwenye shati aliloliacha na mkono mmoja, analia? Anashona mkono wa pili, anafunga uzi, basi."

Baba Pacha akacheka kidogo, kwa puani, cheko lake la zamani.

"Na hii?" mumewe akauliza, akionyesha kuta kwa kidevu.

"Wewe unaitaka?"

"Naichukia," alisema, na akashtuka kwa namna neno lilivyotoka kirahisi. "Naichukia tangu chumba cha tatu."

"Basi tuezeke vyumba viwili na jiko. Matofali yaliyobaki mwuzie jirani. Watoto wakija watalala sebuleni, si wadogo."

Baba Pacha alizungusha macho kwenye kuta zile kama mtu aliyeambiwa anaweza kuvua viatu vinavyombana. Akasimama, akapima chumba cha kwanza na cha pili, na safari hii aliandika vipimo.

Mama Pacha alijua jambo moja kutoka karakana: hakuna anayeshona sare mia mbili. Mtu hushona mkono, kisha mkono wa pili, kisha kola. Kwa hiyo aliichukua namba tatu akaikata vipande kama kitambaa. Jumatatu: kuuliza wapi wanafundisha watu wazima. Jumatano: kupiga simu shule ya zamani, kuuliza kumbukumbu zangu. Jumamosi: kwenda. Vipande hivyo ndivyo alivyobandika kwenye mlango wa kabati, maana namba tatu yenyewe ilimtisha kila alipoitazama, lakini kupiga simu hakumtishi mtu.

Jumamosi walikwenda wote wawili. Karani wa shule alikuwa mwanamke mwenye mafua, aliyewashushia madaftari matatu kutoka juu ya kabati na kupiga chafya kwa kila moja. Akapata mwaka, akapata darasa, akashusha rula chini ya majina. "Huyu hapa. Ni wewe?"

Lilikuwa jina lake la usichana, kwa wino wa bluu. Mbele yake safu ya alama nzuri, muhula baada ya muhula, kisha wino mwekundu: Ameacha. Sababu: ndoa. Baada ya hapo visanduku vitupu mpaka mwisho wa ukurasa.

Baba Pacha aliinama juu ya daftari, akasoma wino mwekundu kwa muda mrefu. Mkewe alingoja, akiogopa asije akarudia kuwa mpangaji. Lakini yeye alirudi kwenye ule wa bluu. "Hesabu themanini na moja," akamwambia karani, kama vile karani alikuwa anabisha. "Umeona? Themanini na moja." Karani alipiga chafya, akasema ameona, akagonga muhuri kwenye barua.

Masomo yalikuwa siku tatu kwa wiki, saa kumi na moja hadi saa moja, kwenye darasa la shule ya msingi ambako viti vilikuwa vya watoto na magoti ya wanafunzi yalifika karibu na videvu. Kulikuwa na dereva wa lori, mlinzi wa benki, wauguzi wawili. Lugha haikumsumbua, jiografia aliifurahia. Ila hesabu, ile ile ya themanini na moja, ilikuwa imemtoka yote kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mwalimu wake, mwanaume mfupi mwenye subira ya kutisha, aliandika ubaoni herufi na namba zimekaa pamoja, na Mama Pacha alizitazama kama watu aliowahi kuwajua na sasa wanampita barabarani bila salamu.

"Mwanangu angekuwa hapa angenieleza," alimwambia mwalimu siku moja.

"Mwanao hatafanya mtihani wako, mama. Njoo ubaoni."

Akaenda, akakosea mbele ya dereva wa lori. Wiki iliyofuata akaenda tena.

Orodha yenyewe ilibadilika alipokuwa akiifuata. Miwani alinunua mwezi ule ule, na Redio akalalamika kuwa sasa hana cha kumdai shukrani. Kilo kumi alizifuta, kwa sababu alipojiuliza kwa dhati aligundua kuwa yeye na mwili wake hawakuwa na ugomvi, ni wale wanawake wengine waliokuwa na ugomvi na miili yao. Duka la vitambaa nalo alilifuta baada ya kulifikiria wiki nzima. Lilikuwa ndoto ya Redio; alilisikia mara nyingi mno mpaka likaingia kwenye karatasi yake kwa makosa. Alipomwambia Redio, Redio alinyamaza kwa mara ya pili katika historia, kisha akaomba karatasi.

Kwa Baba Pacha mambo yalikwenda kwa kuyumba. Kwenye bwawa la kuogelea alikwenda mara moja, akameza maji, akarudi nyumbani macho mekundu, akasema hilo liandikwe chini kabisa. Chuo cha ufundi kilimhitaji mtu wa mabomba kweli, lakini kilitaka cheti, naye cheti hakuwa nacho. Angepata kwa kufanya jaribio.

"Miaka ishirini na zaidi nazibua mabomba ya watu," alifoka ndani ya jiko, ambalo wakati huo lilikuwa tayari la njano, "leo nikapimwe na mtu aliyezaliwa mimi nikiwa juu ya tangi?"

Mama Pacha hakuinua kichwa kutoka kwenye kitabu. "Mimi jana nimeitwa ubaoni na mtu ninayemzidi miaka kumi. Nikakosea. Nikarudi kukaa kwenye kiti cha mtoto. Kaa hapa, vuta karatasi. Jumatatu: kuchukua fomu."

Akavuta karatasi, huku ananung'unika. Ikawa jioni zao ni hizo: meza moja, taa moja, yeye na herufi zake zinazojificha, mumewe na michoro ya mabomba, kila mmoja akimwuliza mwenzake maswali yasiyomhusu. Mama Pacha alijua tofauti ya vali za aina nne. Baba Pacha alijua mito yote mikubwa ya dunia, akaitaja akiwa anaoga. Walizungumza wakati ule kuliko walivyozungumza miaka yote ya kulea, kwa sababu wakati wa kulea walikuwa wanapashana habari tu: nani ana homa, gesi imekwisha, funguo ziko wapi.

Jaribio Baba Pacha alifaulu, na chuo kikampa siku mbili kwa wiki. Asubuhi ya kwanza alibadilisha shati mara tatu. Mama Pacha alifanya mtihani wake mwezi wa kumi na moja, siku nane, na alipomaliza karatasi ya mwisho alilala kuanzia mchana mpaka asubuhi.

Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu masomo sita. Hesabu alifeli.

Aliingia chumbani akafunga mlango. Alilia kwa uchungu ambao hakuutegemea, si wa masomo sita wala wa lile la saba, bali wa yule msichana wa themanini na moja. Baba Pacha hakugonga mlango. Alipika, akaosha vyombo, akafunika chakula cha mkewe, akampigia binti yao simu kwa sauti ya chini, "Mwache kwanza. Kesho ndiyo umpigie." Asubuhi Mama Pacha alitoka macho yamevimba, akanywa chai. Kisha akachukua karatasi akaandika: Jumanne: kujiandikisha tena. Hesabu peke yake.

Mwaka ule wa pili alikaa mbele kabisa darasani, akauliza hata maswali ambayo wengine waliona aibu kuyauliza. Mwalimu mfupi alimpa mazoezi ya ziada, naye aliyafanya wakati wa chakula cha mchana, juu ya meza ya kukatia, Redio akimfukuzia watu: "Msimsumbue, yuko kwenye mabano!" Kuna wiki aliona kama anaelewa, na wiki iliyofuata haelewi tena. Akaenda hivyo hivyo mpaka siku ya mtihani.

Ujumbe wa matokeo uliingia kwenye simu Jumatano saa nne asubuhi, akiwa na mkasi mkononi. Alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Alama yenyewe ilikuwa ya mwisho kabisa ya kufaulu. Ingepungua moja tu ingekuwa habari nyingine. Akaweka mkasi chini, akamwambia msimamizi anatoka na atarudi baada ya chakula, na hakungoja kuruhusiwa.

Chuo cha ufundi hakikuwa mbali. Alimkuta Baba Pacha nyuma ya majengo, ndani ya mtaro uliomfika kifuani, amepakaa matope mpaka nywele, anawaeleza wanafunzi wake kwa nini bomba lazima liinamishwe kidogo. "Maji ni mavivu," alikuwa anasema. "Usipoyapa mteremko, yatalala palepale." Akainua macho akamwona mkewe amesimama juu ya ukingo, anahema, hana mkoba, simu kaishika kwa mikono miwili.

Hakuuliza. Aliitazama sura yake, kisha akatupa koleo, akapanda mtaro kwa magoti yale yale yaliyokuwa yanamlalamikia kila asubuhi, akamkumbatia na matope yake yote. Wanafunzi walitazamana. Mmoja akaanza kupiga makofi, wenzake wakafuata, ingawa hapakuwa na hata mmoja aliyejua wanashangilia nini.

"Ngapi?" akamwuliza sikioni.

"Arobaini. Arobaini kamili."

"Arobaini!" Baba Pacha akawageukia wanafunzi, matope yanamchuruzika shingoni. "Mmesikia? Arobaini!"

Wakapiga makofi zaidi. Mama Pacha alicheka, akajitazama gauni lililoharibika kuanzia bega mpaka pindo, akasema atapita nyumbani kubadilisha kwanza. Baba Pacha alikuwa bado na saa nzima ya kufundisha. Akarudi mtaroni, akaokota koleo, akawauliza wanafunzi alikuwa amefika wapi, na mkewe akaondoka taratibu kwenye jua, akibonyeza namba ya binti yake.